Chakula cha Hoteli za Ufukweni: Je, Kinastahili Gharama Yake?

Ukurasa huu umezoea kuzungumzia malezi, masomo ya watoto na maisha ya nyumbani. Leo tunataka kuzungumzia sahani ya samaki. Msicheke, kwani sahani hiyo imeshaleta ugomvi katika nyumba zaidi ya moja hapa Bujumbura, na sisi wenyewe ilitufundisha somo ambalo hatujalisahau.

Kila Idd inapokaribia, au likizo kubwa ya shule inapoanza, swali huwa lile lile: "Safari hii tunawapeleka wapi watoto?" Mji wetu hauna viwanja vikubwa vya michezo ya watoto kama vile tunavyoviona kwenye televisheni. Tulicho nacho ni Ziwa Tanganyika, na kando ya ziwa kuna hoteli za ufukweni: nyasi zilizokatwa vizuri, bembea, bwawa la kuogelea, viti chini ya miti, muziki, na mkahawa wenye vitambaa vyeupe mezani. Kwa mtoto wa Buyenzi au Kamenge, hapo ndipo peponi pa dunia. Na swali la pili hufuata hapo hapo: "Tukifika, tutakula huko au tutabeba chetu?"

Hilo swali la pili ndilo tunalotaka kulijibu leo.

YALIYOTUPATA SISI

Miaka michache iliyopita tulikuwa familia saba zilizozoea kusherehekea pamoja. Tukakubaliana kwamba Idd el-Fitr ya mwaka ule tusipike kwa pamoja uani kama kawaida, bali twende kwenye hoteli moja ya ufukweni, tukae mezani, tuhudumiwe kama watu wengine. Kila familia ikapangiwa mchango. Wengi wetu tuliona mchango ule ni mkubwa, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema.

Baadhi ya mama zetu hawakuiamini hoteli, wakapika pilau sufuria moja, "ya akiba". Tulipofika getini, mlinzi akafungua vikapu na kutuambia kwamba chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi. Pilau ikabaki ndani ya gari, juani. Tukaingia, tukalipa kiingilio, tukaagiza samaki, viazi vya kukaanga na soda za watoto. Samaki walichukua karibu saa mbili kufika. Watoto wakalia njaa, wakanunuliwa soda nyingine, na viazi vingine. Mhudumu alipoleta hesabu, wanaume wakatazamana. Ilizidi ule mchango wetu wote, na baba mmoja ilibidi atoe pesa alizoziweka kwa ajili ya shule. Jioni tukarudi kwenye gari, pilau imechacha. Tukaimwaga.

Hebu fikirini: siku ya Idd, baada ya mwezi mzima wa kujifunza njaa ya maskini, tulilipa chakula kwa bei ya juu na tukamwaga chakula kingine, vyote kwa mchana mmoja.

Lakini hilo silo lililotuuma zaidi. Tulikwenda familia sita, si saba. Familia ya saba ilituma ujumbe asubuhi kwamba mtoto wao ana homa. Wiki mbili baadaye mama mmoja wetu alikwenda kumjulia hali yule mtoto, akiwa na matunda mkononi. Akaambiwa na bibi wa nyumba ile, kwa unyenyekevu tu, kwamba hakuna mtoto aliyeugua. Hawakuwa na mchango. Watoto walikuwa wamevaa nguo zao za Idd tangu asubuhi, wakasimama mlangoni wakatuona tukipita.

Tangu siku ile tulianza kujiuliza maswali ambayo tulipaswa kujiuliza kabla.

TUNALIPIA NINI HASA?

Tusiwaonee wenye hoteli. Wengi wao si wezi, na bei zao zina sababu. Anayeendesha mkahawa kando ya ziwa analipa walinzi, watunza bustani, wapishi na wahudumu, hata siku ambazo meza ziko tupu. Umeme ukikatika anawasha jenereta, na kila mkazi wa mji huu anajua jinsi mafuta yalivyokuwa adimu miaka hii. Vitu vingi vya jikoni kwake vinatoka nje ya nchi na hununuliwa kwa fedha za kigeni. Mwezi Mei 2023 Benki Kuu iliposhusha thamani ya faranga, dola iliyokuwa ikiuzwa rasmi kwa faranga elfu mbili na kidogo ilipanda hadi karibu elfu mbili na mia nane. Jibini, siagi, mafuta ya kupikia na sahani zenyewe zikapanda nayo.

Ziwa lenyewe nalo limewapa hasara. Mvua za mwaka 2021 na tena za mwaka 2024 zilipandisha maji ya Tanganyika hadi yakaingia kwenye nyumba na hoteli za kando. Sehemu ambazo watoto walikuwa wakicheza mchangani ziligeuka kuwa maji. Mwenye hoteli aliyejenga upya ukuta wake anataka kurudisha gharama, na anairudisha kupitia sahani yako.

Samaki pia amepanda kwa sababu zake. Mwaka 2003 watafiti waliandika katika jarida la Nature kwamba kuongezeka kwa joto kumepunguza chakula ndani ya Ziwa Tanganyika, na chakula kikipungua samaki nao hupungua. Wavuvi wameongezeka, nyavu zimekuwa za matundu madogo. Mwaka 2024 ndugu zetu wa Tanzania walisimamisha uvuvi upande wao kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Kwa hiyo mukeke na sangala si chakula cha bure tena kama walivyotusimulia babu zetu.

Haya yote ni kweli. Lakini hata ukiyahesabu yote, bado kuna sehemu kubwa ya bei ambayo si ya samaki wala jenereta. Ni ya kukaa mahali pale. Ukishaingia getini na watoto wanne wenye njaa, huna pa kwenda. Huwezi kusema "ngoja nivuke barabara ninunue kwa mama fulani". Mwenye mkahawa anajua hilo, na wewe unalijua tu hesabu inapofika.

Jambo hili si la Bujumbura peke yake. Jamaa zetu walioko Ubelgiji na Ufaransa wanatusimulia habari za Disneyland Paris, ile bustani ya michezo iliyofunguliwa mwaka 1992. Wanasema mtu hulipa tiketi ya kuingia, kisha ndani hulipa chakula kwa bei ambayo asingeikubali mjini. Huko Florida, Marekani, ndani ya hoteli moja ya Walt Disney World kuna mkahawa unaoitwa Victoria & Albert's, uliofunguliwa mwaka 1988. Ni miongoni mwa mikahawa ya fahari kubwa nchini humo. Na je, mnajua? Mkahawa huo haupokei watoto wa chini ya miaka 10. Mahali palipojengwa kwa ajili ya watoto, meza ya gharama kubwa kuliko zote haiwataki watoto! Hapo mtu anaelewa kwamba kuna furaha ya mtoto na kuna fahari ya mtu mzima, na mara nyingi tunalipia ya pili kwa jina la ya kwanza.

HOJA ZA WANAOSEMA "TWENDE"

Hata hivyo, si haki kusikiliza upande mmoja. Tulipoanza kuzungumza jambo hili katika vikao vyetu, baadhi ya mama walisimama wakatujibu kwa nguvu, na majibu yao yalikuwa na uzito.

Mama mmoja alisema: "Nyinyi wanaume mkisema tupike twende nacho, nani atakayepika?" Alituhesabia. Mchele uchaguliwe usiku, nyama ikatwe baada ya tarawehe, vitunguu vikaangwe alfajiri, vyombo vibebwe, vioshwe, virudishwe. Mwanamume anakwenda ziwani kupumzika, mwanamke anakwenda kuhamisha jiko. "Mimi," alisema, "siku moja kwa mwaka nataka kukaa niletewe, na nisijue sufuria iko wapi."

Nani kati yetu anaweza kumjibu mama huyu kwamba anafanya israfu? Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba pesa anazotumia mtu kwa watu wa nyumbani kwake zina ujira mkubwa mbele ya Allah. Na mapumziko ya mama ni katika matumizi ya nyumba, kama ilivyo sabuni na dawa.

Hoja ya pili ilitoka kwa kijana mwanafunzi wa chuo. Alisema watoto wetu wanahitaji kujua kukaa mahali pa watu bila kuogopa: kusoma menyu ya Kifaransa, kumwita mhudumu kwa adabu, kuuliza chakula kimepikwa vipi. Kesho watakwenda kwenye mikutano na kazi, na mtu asiyewahi kukaa mahali hapo hujiona mdogo. Hii nayo ni kweli. Unyonge haujawahi kuwa sehemu ya dini yetu.

Hoja ya tatu ni kwamba hoteli hizo zinawaajiri watoto wa mji huu huu, na ukila pale unampa mtu riziki. Tunaikubali, ijapokuwa mama anayechoma samaki pembeni ya soko naye ni mtu na ana watoto.

Kwa hiyo hatusemi kwamba kula hotelini ni kosa. Qur'ani Tukufu imetuhalalishia vizuri vya dunia na imewakemea wanaojiharamishia alichokiruhusu Allah. Ila katika hiyo hiyo Qur'ani, waja wema wanasifiwa kwa kuwa katikati, hawafuji wala hawafanyi uchoyo. Swali letu ni wapi ilipo hiyo katikati kwa familia ya Bujumbura.

HALALI KWANZA, LADHA BAADAYE

Kabla ya bei kuna jambo ambalo kwetu Waislamu linatangulia. Katika mji huu sisi ni wachache, na mikahawa mingi ya ufukweni haikujengwa kwa kutufikiria sisi. Pombe inauzwa karibu kila mahali. Mishikaki, ambayo hapa kwetu tunaita brosheti, ni chakula kinachopendwa na kila mtu, lakini mbuzi aliyechinjwa na nani? Na jiko linalochoma mbuzi ndilo hilo hilo linalochoma nguruwe? Mapishi ya Kifaransa na Kibelgiji hutia divai ndani ya mchuzi, na mhudumu asipoulizwa hatasema, si kwa ubaya bali kwa kutojua kwamba ni muhimu kwako.

Sisi si mamufti, na mwenye shaka aende kwa shekhe wake. Lakini kuna mambo mepesi ambayo kila mzazi anaweza kuyafanya:

1. Agiza samaki badala ya nyama. Samaki hahitaji kuchinjwa, na samaki wa ziwa letu ni fahari kuliko nyama yoyote. Lakini uliza mafuta aliyokaangiwa yametumika kwa nini kingine, na ukiweza omba achomwe peke yake juu ya karatasi ya foili.

2. Uliza kuhusu mchuzi kabla hujaagiza. Sema wazi: sisi hatutumii divai. Sema kwa upole. Mpishi mzuri haoni tabu.

3. Chagua meza mbali na kaunta ya vinywaji. Mtume (S.A.W.) amekataza muumini kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe. Wakati mwingine ni suala la kwenda mchana wa siku ya kazi badala ya Jumapili jioni, wakati sehemu nzima imegeuka kuwa klabu.

4. Uliza mahali pa kuswali kabla ya kukaa. Ukijua kwamba adhuhuri au alasiri itakukuta pale, chukua mswala wako. Kona ya bustani inatosha.

Ikiwa majibu ya maswali haya yanakutia wasiwasi, jibu la makala hii yote umeshalipata: chakula hicho hakistahili gharama yake, hata kingekuwa cha bure.

ZIWA SI MALI YA HOTELI

Hapa tunataka kuwakumbusha wasomaji jambo ambalo wengi wamelisahau. Kilichowavuta watoto wetu hakikuwa kitambaa cheupe cha mezani. Walivutwa na maji. Na ziwa hili, lenye urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofikia takribani mita 1,470, ni la pili kwa kina duniani na ni urithi wetu sote pamoja na Tanzania, Kongo na Zambia. Hakuna hoteli iliyolichimba.

Sheria ya maji ya nchi yetu ya mwaka 2012 iliweka ukanda wa mita 150 kando ya Tanganyika kuwa mali ya umma. Tunajua sote kwamba ukitembea ufukweni leo utakutana na kuta nyingi kuliko mchanga. Lakini bado zipo sehemu ambazo familia inaweza kukaa chini ya mti na kula chakula chake bila kufunguliwa vikapu.

Pia kuna mahali pengine pa kuwapeleka watoto ambapo hatupataji mara kwa mara. Musée Vivant iko humu humu mjini, na mtoto akimwona mamba pale kwa karibu atasimulia mwezi mzima. Ukielekea kusini, kule Mugere, kuna jiwe la kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliopita hapo Novemba 1871. Mtoto wa sekondari akilifikia jiwe hilo somo la historia linamwingia kwa macho. Upande wa kaskazini, karibu na mdomo wa mto Rusizi, kuna hifadhi yenye viboko. Angalizo tu: viboko na mamba hawasomi mabango. Jioni ikikaribia, watoto watoke kwenye maji, hata kama hoteli au ufukwe ni wa nani.

Na kuhusu samaki, tuwape siri ambayo wazee wa Buyenzi wanaijua. Wavuvi wetu huvua ndagala na mukeke usiku, kwa taa, na taa hizo hufanya kazi vizuri pale usiku unapokuwa na giza. Mwezi ukiwa mpevu, uvuvi hupungua. Sasa Idd el-Fitr inaingia mwezi unapoandama, yaani siku za giza. Kwa maneno mengine, siku za Idd ndizo siku ambazo mitumbwi hutoka. Anayeamka alfajiri akaenda mwaloni kabla ya swala ya Idd anaweza kumpata mukeke ambaye bado anang'aa, kwa bei ambayo mkahawa hauwezi kukupa. Mchome na ndimu na pilipili, weka na ndizi au ugali na lengalenga pembeni. Tumeshakula sehemu zote mbili, na tunasema bila kupepesa macho kwamba yule wa nyumbani alikuwa mtamu zaidi.

JIRANI ALIYEBAKI MLANGONI

Turudi kwa ile familia ya saba, kwa sababu kwetu hapo ndipo penye uzito wa jambo hili.

Mtume (S.A.W.) ametuonya kwamba chakula kibaya zaidi ni kile cha karamu wanachoitiwa matajiri na kuachwa maskini. Sisi hatukujiona matajiri. Tulikuwa walimu, wafanyabiashara wadogo, dereva, fundi cherehani. Hatukumfukuza mtu. Lakini tulipoweka mchango ambao mmoja wetu hakuweza kuutoa, na tukauweka kwa namna ambayo asingeweza kusema bila kuvunjika uso, tulikuwa tumemfungia mlango kwa adabu.

Tazameni tofauti. Tulipokuwa tunapika uani, asiye na pesa alikuja na mikono yake. Aliyemenya vitunguu, aliyechota maji, aliyeleta mkaa nusu gunia, wote walikula sahani moja na hakuna aliyejua nani kachangia nini. Chungu cha pamoja kinaficha umaskini wa mtu. Hesabu ya mkahawa inaufichua. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba chakula cha wawili huwatosha watatu, na hilo linawezekana kwenye sinia. Kwenye menyu haliwezekani, kwani kila sahani ina bei yake na kila mdomo una hesabu yake.

Tulikwenda kuwaomba radhi. Tulikwenda familia zote sita, wakatupokea, wakatupikia chai na maandazi. Baba wa nyumba ile akasema neno moja tu: "Mimi sikuumia. Waliosimama mlangoni ndio walioumia." Hatukuwa na jibu.

BASI, MAONI YETU NI YAPI?

Baada ya kupima pande zote, sisi tunaona hivi. Chakula cha fahari cha hoteli za ufukweni, kwa familia ya kawaida yenye watoto, kwa siku ya Idd, hakistahili gharama yake. Watoto hawakihitaji, jikoni kumezidiwa siku hiyo, bei iko juu, na kinawaacha nyuma wale ambao Idd iliwekwa ili wasiachwe nyuma. Ndiyo maana zaka ya fitri hutolewa kabla ya swala: ili siku hiyo hakuna nyumba inayokosa.

Lakini tunaona pia kwamba kuna safari inayostahili, ikipangwa vizuri. Tumeijaribu sisi wenyewe na tunawapa ushauri huu:

Kwanza, tenganisheni mahali na chakula. Kuleni nyumbani mapema, mshibe, kisha nendeni hotelini alasiri kwa kiingilio, soda moja moja na bembea. Mtoto aliyeshiba hachungulii menyu.

Pili, ulizeni kwa simu kabla: kiingilio ni kiasi gani, chakula cha nje kinaruhusiwa, huduma imo ndani ya bei au inaongezwa, samaki huchukua muda gani. Aibu ya kuuliza ni ndogo kuliko aibu ya kukopa mbele ya mhudumu.

Tatu, akina baba, mkaeni na mama mkahesabu pesa kabla ya kuondoka. Ikiwa pesa hizo zimetoka kwenye ada ya shule, kodi ya nyumba au dawa, rudisheni mahali pake. Ikiwa ni deni, msiende. Furaha inayolipwa kwa deni huisha Jumatatu.

Nne, kama mnataka kumpumzisha mama, na mnapaswa kutaka, mpumzisheni kweli. Chagueni siku ya kawaida, si ya sikukuu, mwende wawili au na watoto wakubwa, mle samaki mmoja kwa utulivu. Hiyo inastahili kila faranga. Na wale wasio na uwezo huo, baba na vijana waingie jikoni siku moja. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwasaidia ahali zake kazi za nyumbani, na hakuna kati yetu aliye bora kuliko yeye.

Tano, mchango wa pamoja usiwekwe kwa kiwango. Wekeni sanduku au bahasha, kila mtu atie alichonacho, asijulikane nani katia nini. Kisha mpango ufuate pesa zilizopatikana, si pesa zitafutwe kufuata mpango.

Sita, kila gari iwe na nafasi moja ya mtoto wa jirani. Haizidishi gharama sana. Inazidisha baraka.

NENO KWA WANAFUNZI

Vijana wetu wa lise na vyuo, nanyi mnasikia. Tunajua siku hizi picha ya sahani inafika kwa watu kabla sahani haijafika mezani. Mwenzako akituma picha yuko kando ya ziwa na glasi yenye mwavuli, usidhani kwamba wewe uliyekula maharage nyumbani umepungukiwa. Huijui hesabu iliyoletwa baada ya picha ile. Ukitaka kukaa mahali pazuri na marafiki zako, kaeni, kunyweni chai au juisi, ongeeni, swalini, rudini kabla ya magharibi. Msimlazimishe mwenzenu kuchangia asichonacho. Na mkiwa na mwenzenu ambaye kila mara "ana kazi" au "anaumwa" mnapopanga kutoka, msimseme. Mtafuteni.

Idd iliyofuata baada ya ile ya kwetu, tulirudi uani. Familia ya saba walituletea mukeke kutoka mwaloni, kwani baba wa nyumba ile ana rafiki mvuvi na sisi hatukuwa tukijua. Tulikula, tukaswali alasiri, kisha tukawapakia watoto wote tukawapeleka ziwani wakacheza mpaka jua lilipokaribia milima ya Kongo. Hatukulipa zaidi ya nauli na soda. Mtoto mmoja akauliza kama mwaka ujao tutakuja tena. Hakuuliza kuhusu mkahawa.

Tunamwomba Allah (S.W.) atuzidishie riziki ya halali, atupe moyo wa kutosheka, na asitufanye kuwa sababu ya jirani kusimama mlangoni siku ya furaha. Tukiwa tumekosea, kosa ni letu, na mwenye maoni tofauti asisite kutuambia tunapokutana msikitini.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.